Kikapu Hakibebi Moto

Popote mlipo asubuhi hii, ninyi mlio jikoni mkichochea moto, ninyi mlio njiani kwenda kazini, na ninyi mlio vitandani kwa sababu ya ugonjwa au uzee, karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache. Walio na Biblia karibu nao na wafungue kitabu cha Mhubiri, sura ya saba, mstari wa kumi. Wasio nayo wasihangaike, tutawaeleza.

Mstari huo ni mfupi, nasi twakiri kwamba kwa miaka mingi tuliupita bila kusimama. Mhubiri anatuonya tusiulize kwa nini siku za kale zilikuwa njema kuliko hizi zetu, kwa maana anayeuliza hivyo haulizi kwa hekima. Tulipokuwa katika chuo cha theolojia hatukuona jambo kubwa hapo. Tulikuwa vijana, na kijana hana siku za kale. Sasa tumepita miaka arobaini, na twajisikia wenyewe mimbarani tukisema: zamani watu walipendana, zamani mtoto alikuwa wa kijiji kizima, zamani hapakuwa na kufuli mlangoni. Waumini huitikia kwa vichwa. Ni mahubiri mepesi, maana hayamgusi mtu yeyote aliye hai.

Aliyetusimamisha kwenye mstari huo ni bibi mmoja wa Chekalini.

Chekalini iko Lugari, katika Kaunti ya Kakamega, upande ule wa kaskazini unaokaribia Turbo na Webuye. Ni nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, na asubuhi zake ni za baridi kwa mtu aliyezoea joto la Butere. Kabla ya Uhuru yalikuwa mashamba makubwa ya walowezi. Mwaka 1962 ulianza ule Mpango wa Ekari Milioni Moja, wa kununua mashamba ya Wazungu na kuwagawia Waafrika, na Lugari ikawa mojawapo ya sehemu zilizogawiwa. Watu wakaja kutoka Maragoli, Bunyore, Kisa, Marama, Kabras, Bukusu, kila mmoja na matamshi yake na namna yake ya kupika mboga. Walipata ardhi kwa mkopo na ng'ombe kwa mkopo. Mtu aliyelala maskini Marama aliamka Chekalini akiwa na ekari zake, na pia akiwa na deni ambalo baba yake hakuwahi hata kuliota.

Tulikwenda huko alasiri moja, sisi pamoja na msomaji wetu wa kanisa na mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, kuwapelekea Ushirika Mtakatifu wale wasioweza tena kutembea hadi kanisani. Tulikuwa na nyumba nne za kuzuru, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya huyu bibi. Sisi twamwita Kukhu, kama kila mtu pale anavyomwita, yaani nyanya.

Kukhu hajui siku aliyozaliwa. Anachojua ni kwamba alizaliwa Marama, miaka michache baada ya nzige na ile dhahabu ya Kakamega, na kwa kuwa dhahabu ilivumbuliwa mwaka 1931, basi twaweza kusema anakaribia miaka tisini. Macho yake yameingia ukungu. Masikio yake hayana kasoro, na redio yake ndogo haizimwi isipokuwa wakati wa matangazo ya biashara.

Tulimkuta ameketi nje ya jiko lake juu ya kigoda, akichambua maharagwe kwa vidole. Kando yake alikaa kitukuu chake, mvulana wa gredi ya tano, mwenye daftari magotini na kalamu ya risasi. Mwalimu alikuwa amewapa kazi ya nyumbani: mwulize mzee wa kwenu jinsi maisha ya kijijini yalivyokuwa zamani, uandike. Tukamwambia Kukhu asijali, amalize kwanza na mtoto. Kwa kweli tulidhani itachukua dakika tano.

Ndugu zangu, hazikuwa dakika tano, wala hatujuti.

Alimweleza mtoto habari za moto. Zamani zile, alisema, kibiriti kilikuwa mali. Moto ulifukiwa kwenye jivu usiku, na asubuhi ulifukuliwa. Ukikuta umezimika, ulisimama mlangoni ukatazama ni paa la nani linalotoa moshi, ukachukua kigae cha chungu kilichovunjika, ukatia jivu kidogo ndani yake, ukaenda kuomba kaa la moto. Hakuna aliyekunyima. Kumnyima mtu moto kulikuwa kama kumtolea laana. Nawe ulirudi mbio ukiupulizia njiani, macho yakikutoka machozi.

Akaeleza habari za munyu. Mtoto alidhani chumvi hutoka dukani tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Kukhu akamweleza jinsi walivyokusanya maganda makavu ya maharagwe, wakayachoma, wakatia majivu yake katika chungu kilichotobolewa chini, wakamimina maji juu, na yale maji yaliyodondoka polepole yakawa munyu wa mboga, ndio musherekha. Mrenda bila munyu huo, alisema, ni adhabu. Hapo yule mama tuliyefuatana naye alitikisa kichwa kwa nguvu sana, tukaona kwamba jambo hilo si la mzaha.

Akaeleza jinsi wasichana walivyolala nyumbani kwa bibi yao, wakisikiliza hadithi gizani, na aliyesinzia alifinywa. Akaeleza jiwe la kusagia wimbi na mtama, na mgongo wa mama yake ukienda mbele na nyuma kabla jogoo hajawika. Akaeleza habari za mjomba wake aliyechukuliwa vitani, akapelekwa hadi Bama kupigana na Wajapani, akarudi vita vilipokwisha amevaa koti zito la jeshi, na watoto wakamkimbia wakidhani ni mnyama.

Akafika kwenye mayai. Wengi wenu mwajua kwamba kwetu Uluhyani zamani mwanamke hakula kuku wala yai. Alimfuga kuku, akamchinjisha, akampika, akampelekea mume na wageni, yeye akabaki na mboga. Kanisa letu lilipoanzisha kazi pale Butere mwaka 1912, na wasichana wakaanza kusoma, baadhi yao wakaiacha desturi hiyo. Mama yake Kukhu alikula yai lake la kwanza nyuma ya ghala, peke yake, akitetemeka. La pili alilikula mbele ya watu. Babu hakumsemesha kwa msimu mzima. "Na mimi nikala la tatu," alisema Kukhu, akacheka mpaka maharagwe yakamwagika. Msomaji wetu, ambaye ni mwanamume wa kuku kwelikweli, alitazama chini.

Jambo moja alilisema kwa haraka. Mama yake alizaa tisa, wakakua wanne. Mtoto alipouliza wengine walienda wapi, alijibu, "Surua. Na kifua. Na nyingine hazikuwa na jina." Akaendelea na habari za kumbikumbi.

Mwishowe mvulana akasimama, kama wanavyofundishwa, akatusomea alichoandika. Aliandika vizuri. Moto, munyu, jiwe, koti la mjomba, vyote vilikuwamo. Kisha akasoma mstari wa mwisho: kwamba watu wa zamani walipendana sana, hawakuwa wachoyo, na mtu akikosa chakula jirani yake alimpa.

Kukhu akasema, "Sikusema hivyo."

"Lakini Kukhu, mwalimu alisema tumalizie na mafunzo mazuri ya wazee."

"Futa hapo."

Sisi tulicheka kidogo, tukidhani ni utani wa bibi na mjukuu. Yeye hakucheka. Akamwambia tena, "Futa, baba. Na ukishafuta nenda ukamwangalie ndama." Mvulana akafuta kwa raba, akapuliza vumbi lake, akaenda. Kukhu akangoja mpaka aliposikia mlango wa zizi.

Basi alituambia hivi.

Yeye na mume wake walihamia Chekalini mwaka 1964. Ng'ambo ya kijito walipata jirani, mke na mume kutoka Maragoli, waliofika mwezi uleule. Yule mama ndiye aliyemwonyesha mahali pa kuchota maji safi na miti isiyotoa moshi. Walilima pamoja, leo shamba hili, kesho lile. Wote wawili walikuwa na watoto wadogo.

Mwaka 1965 mvua ilikosa. Wazee mwaukumbuka mwaka ule: mahindi yaliadimika nchini, hata serikali ikaagiza mahindi ya manjano kutoka Marekani, na mwaka uliofuata tume ikaketi kuchunguza mambo ya mahindi yalivyokwenda. Pale Chekalini watu walikuwa na ardhi mpya na deni jipya, na ghala tupu. Mume wa Kukhu alikuwa mbali kwa kazi. Lakini kabla ya kuondoka alikuwa ameuza ng'ombe dume, akanunua magunia mawili ya mahindi, akamwambia mkewe asimwonyeshe mtu. Kukhu akayasukuma chini ya kitanda, akatandika blanketi likaning'inia mpaka sakafuni.

Jioni moja yule jirani akavuka kijito, na binti yake mdogo amemshika nguo. Akaketi. Wakazungumza habari za mvua na habari za watoto. Giza likaingia, naye bado ameketi. Mwishowe akasema, "Mwenzangu, moto wangu umezimika, nimekuja kuomba moto."

"Nikampa," alisema Kukhu. "Nilimtafutia kigae mimi mwenyewe, maana hakuja na kigae. Alikuja na kikapu. Pasta, mtu habebi moto kwa kikapu."

Hapo alinyamaza kwa muda mrefu. Tulisikia ngurumo upande wa Turbo.

"Mimi nilikiona kikapu. Nilikiona alipoingia, kimekunjwa chini ya kwapa. Nikajua. Na yeye akajua kwamba nimejua. Nikampa moto, akashukuru, akaenda. Nilimpa moto wa kupikia nini?"

Mwezi uleule surua ikaingia kijijini, na mtoto mdogo wa yule jirani, ndugu yake yule binti, akafa. Kukhu akapeleka matangani debe zima la mahindi, kichwani, mbele ya watu wote. Watu wakamsifu. Wakasema, tazama mwanamke wa Marama, katika njaa hii. Yule mama aliyefiwa alikuwa wa kwanza kumshukuru.

Wasikilizaji wapenzi, Kukhu si mtu aliyesinzia katika imani. Ni mmoja wa wale Ndugu wa Uamsho, waliozoea kusimama katika ushirika na kutubu dhambi zao kwa jina, mbele ya wenzao. Alituambia aliyowahi kutubu: hasira, masengenyo, wivu juu ya mke wa shemeji yake, hata pesa za mayai alizomficha mume. Watu wakaimba, wakamkumbatia. Magunia mawili hakuyataja. Alisema kila aliposimama yalimfika kooni, kisha ulimi ukachukua dhambi nyingine ndogo iliyokuwa karibu.

"Mama wa Sarepta alikuwa na konzi moja ya unga," alisema, "akampa Eliya. Mimi nilikuwa na magunia mawili."

Sasa twataka kuwaambia tulichofanya sisi, maana nacho ni sehemu ya habari hii. Tulitazama saa. Kisha tukamwambia maneno ambayo kila mchungaji anayo tayari mfukoni: kwamba Mungu amekwisha kusamehe, kwamba ni miaka sitini sasa, kwamba damu ya Kristo yatosha, kwamba mume alikuwa amemwagiza, kwamba yeye pia alikuwa na watoto. Yote hayo ni kweli. Tukaanza kufungua mkoba wa vyombo vya Ushirika.

Akaweka mkono juu ya mkoba. Akasema, "Mwanangu, nilikusikia redioni. Ulisema mtu akikumbuka pale madhabahuni kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka yake, aende kwanza. Ulisema ni Mathayo sura ya tano. Au siku ile ulikuwa ukiwaambia watu wengine?"

Hatukuwa na jibu. Tuliufunga mkoba.

Hebu tusimame hapa kidogo. Mnakumbuka Waisraeli kule jangwani, katika Hesabu sura ya kumi na moja? Walilia wakikumbuka samaki wa Misri, na matango, na matikiti, na vitunguu. Walikumbuka vyema, vyakula hivyo vilikuwapo. Ila hawakutaja matofali, wala fimbo ya msimamizi, wala watoto waliotupwa mtoni. Ndivyo kumbukumbu ifanyavyo kazi ikiachwa peke yake. Nasi twaogopa kwamba mara nyingi tunapozisifu siku za kale tunatandika blanketi juu ya gunia. Tunawafanya wazazi wetu kuwa malaika, na malaika hawahitaji Mwokozi, wala hawawezi kutufundisha sisi tulio na magunia yetu. Kisha tunawageukia vijana na kuwalaumu kwa kutofanana na watu ambao hawakuwahi kuishi.

Wala hatusemi siku zile hazikuwa na wema. Moto ulikuwa wema. Lakini mama aliyezika watano kati ya tisa hakuwa akiishi katika bustani ya Edeni. Mpango wa taifa wa kuwachanja watoto wetu ulianza mwaka 1980, na surua ni mojawapo ya magonjwa unayoyakinga. Mama mwenye mtoto mgongoni kwenye foleni ya zahanati asubuhi hii anapokea kitu ambacho bibi yake angekipigia magoti. Tukisema zamani ilikuwa bora, tumwulize kwanza yeye.

Turudi Chekalini. Yule jirani wa Maragoli alifariki miaka mingi iliyopita. Lakini binti yake, yule aliyeshika nguo ya mama, yuko hai, ni mama mwenye wajukuu sasa, na anaishi palepale ng'ambo ya kijito. Kukhu akamwita mvulana kutoka zizini, akamtuma. Tulimngoja. Mama wa Umoja wetu akamalizia kuchambua maharagwe. Hakuna aliyesema neno.

Akaja upesi, mikono ikiwa na unga, akidhani Kukhu amezidiwa. Aliposikia ameitwa kwa maneno tu, akaketi chini kwenye mkeka. Kukhu akamweleza yote, kwa maneno yale yale, bila kujitetea na bila kumtaja mume. Alipofika kwenye kikapu, sauti ilimkatika, akairudia tena sentensi ile mpaka ikatoka.

Yule mama alikaa kimya akijipangusa unga kwenye vidole, kimoja kimoja. Kisha akasema, "Mama alijua."

"Alijua?"

"Kuku wako walikuwa wakiingia chini ya kitanda na kutoka wanameza. Hata mimi niliwaona, na nilikuwa mtoto."

Kukhu akauliza kwa nini basi hakusema kamwe. Yule mama akajibu kwamba alisema sana, ila nyumbani. Kwa miaka mingi, kila chakula kilipopungua, mama yao aliwaambia, yule ng'ambo ana magunia mawili. Hata mwaka wa mavuno mengi alisema hivyo. Tulitegemea ataongeza neno la kupunguza makali, lakini hakuongeza. Alisema, "Alikuwa na hasira, Mama. Alikuja kwako, alikusaidia kulima, alikuletea mboga, na alikuwa na hasira."

Kisha akatueleza habari za mwaka 1984. Mvua ilikosa tena, na mahindi ya manjano yakarudi. Shangazi yao akaja kutoka Maragoli kwa miguu na matatu, ana watoto watatu. Na mama yao, yule yule aliyerudi na moto mwaka 1965, akachukua debe la mahindi akampa binti yake alifiche chini ya kitanda cha wasichana. Usiku ule hakulala. Alfajiri akaingia, akalivuta debe mwenyewe, akamtilia shangazi nusu yake. Akamwambia binti, "Sasa sina neno tena na yule wa ng'ambo."

"Mbona hakuja kuniambia?" Kukhu akauliza.

"Angekuambia nini? Wewe hukuwa umemwambia kitu."

Hapo tulijifunza juu ya Mathayo sura ya tano kuliko tulivyojifunza chuoni kwa miaka mitatu. Wanawake wawili, mmoja amekwisha kusamehe na mwingine hajui. Mmoja anatubu mbele ya Mungu kila wiki na mwingine hasikii. Na kijito kati yao ambacho mtoto hukivuka kwa kuruka mara moja.

Kukhu aliuliza jambo moja zaidi. Hakulimaliza. Alisema, "Na yule mtoto..."

Yule mama akajibu, "Mtoto alikufa kwa surua, Mama. Walikufa wengine pia mwezi ule." Hakusema kwamba njaa haikuwa na mkono ndani yake. Kukhu naye hakuuliza. Wote wawili wamelea watoto, wanajua surua humtendea nini mtoto aliyeshiba na humtendea nini mwenye njaa. Hatukuona ni kazi yetu kusema neno hapo, na twamshukuru Mungu kwamba kwa mara moja tulinyamaza.

Baada ya muda Kukhu akanyoosha mkono hewani, maana haoni vizuri, akitafuta. Yule mama akausogelea, akaushika, unga na yote. Akasema, "Ule moto haukupotea. Tuliupikia mrenda. Mrenda mtupu, bila ugali, na mama alitia munyu mwingi mno. Hata leo naukumbuka ulimini."

Tukafungua mkoba. Tukatandika kitambaa cheupe juu ya kile kigoda, na Kukhu akaketi mkekani karibu na mwenzake. Mvua ilikuwa imeanza kudonda juu ya mabati ya jiko. Tulipofika kwenye kupeana amani hatukujua la kuwaambia, kwa kuwa walikuwa bado wameshikana mikono tangu awali. Wakapokea. Sisi wenyewe tulipokea mwisho, na twakiri mkono wetu haukutulia.

Mvulana akarudi na daftari lake. Alikuwa na shida yake. Akasema, "Kukhu, hapa nilipofuta niandike nini? Mwalimu ataona nafasi tupu."

Kukhu akafikiri. Akasema, "Andika kwamba tulipeana moto. Hiyo ni kweli. Na kikapu nitakueleza leo usiku, ukishakula."

Tulizifikia nyumba nyingine tatu tukiwa tumelowa, na ile ya nne ilitulazimu kusoma liturujia kwa taa ya simu. Lakini tulipokuwa bado tunashuka kuelekea kijito tuliwasikia nyuma yetu wale wawili, sauti zikiwa juu. Kukhu alikuwa akisema kwamba watu wa Maragoli hawakujua kamwe kipimo cha munyu, na yule mama alikuwa akisema kwamba watu wa Marama ndio waliokuwa wakiunyima mboga. Mama wa Umoja wetu alitaka kurudi awaamue. Tulimkataza kwa ajili ya mvua.

Tuombe.

Ee Bwana, unayeona chini ya vitanda vyetu, mkumbuke asubuhi hii msikilizaji ambaye jirani yake yu hai na hajamwita. Umpe mtu wa kumtuma, na umpe pumzi ya kulisema neno lake mpaka mwisho. Uwakumbuke pia walioketi mlangoni mwa mwingine leo na kikapu chini ya kwapa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.